Mdomo wa Mtutu: Historia ya Choki na Bei ya Bunduki Kuukuu

Waswahili wa karne ya 19 walizitaja bunduki kwa namna zilivyowashwa. Ya mrao ilikuwa na utambi wa kamba uliofukiza moto. Ya gumegume iligonga jiwe likatoa cheche. Ya fataki ilivikwa kikofia cha shaba kilicholipuka kikigongwa. Mwisho zikaja za viasi, zilizofunguliwa nyuma zikapokea baruti na risasi vikiwa tayari vimefungwa pamoja ndani ya ganda. Mtu akifuatisha maneno hayo manne ameshafuata karne kadhaa za ufundi wa bunduki bila kufungua kitabu cha Kizungu. Yote manne, hata hivyo, yanatazama nyuma, kwenye kitako na mtambo. Kwa kile kinachofanyika mbele, kwenye mdomo wa mtutu, lugha haikuacha neno.

Sababu ni kwamba kitu chenyewe hakikufika. Mwezi Julai 1890, mataifa yaliyokutana Brussels yalitia saini mkataba dhidi ya biashara ya watumwa. Ndani yake yaliweka vifungu vya silaha: katika eneo la Afrika kati ya digrii 20 kaskazini na 22 kusini mwa ikweta, bunduki za kisasa zilizuiwa zisiingizwe kwa biashara ya kawaida, na zilizoachiwa ni za gumegume zenye mtutu laini pamoja na baruti ya kawaida ya kuuzia Waafrika. Wakati huo huo mafundi wa Birmingham walikuwa wamekamilisha ugunduzi mkubwa kuliko wote katika bunduki ya marisawa, ile inayotoa punje ndogo nyingi kwa mpigo mmoja. Bara likabaki na gobole, lenye mtutu ulionyooka kama bomba kutoka mwanzo hadi mwisho, na fundi chuma wa kijijini akaliiga kama alivyolikuta.

Ugunduzi huo Waingereza waliupa jina kwa kitenzi chao cha kukaba koo. Hapa nitauita choki. Ni mbano mdogo kwenye sentimita chache za mwisho za mtutu, na hauonekani kwa macho mpaka mtu apime. Bunduki namba 12 huitwa hivyo kwa sababu ratili moja ya risasi ikigawanywa katika gololi 12 zilizo sawa, kila moja ina upana wa mtutu huo, yaani karibu milimita 18.5. Choki kamili huupunguza upana wa mdomo kwa takribani milimita 0.9, nusu choki kwa milimita 0.5, robo kwa milimita 0.25. Hata hiyo kamili, ukiigawa pande mbili, kila upande haufiki nusu milimita, kama unene wa ukucha.

Kazi yake hupimwa kwa kipimo kilekile cha zamani: karatasi huwekwa yadi 40, yaani mita 36 na ushee, linachorwa duara lenye upana wa inchi 30, kisha yanahesabiwa matundu. Mtutu usio na choki huingiza humo kama asilimia 40 ya marisawa, wenye choki kamili asilimia 70. Kwa kiasi chenye punje 300, hiyo ni tofauti ya punje 120 na 210 juu ya bata yuleyule. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba mbano huzisukuma punje za pembeni zielekee katikati, na papo hapo hukichelewesha kizibo kinachozifuata nyuma kisizivuruge.

Kabla ya hapo watu walihangaika miaka mingi. Wawindaji wa ndege wa karne ya 17 walibeba mitutu mirefu iliyokaribia kimo cha mtu, wakiamini urefu ndio unaokusanya punje. Urefu ulisaidia kwa sababu nyingine tu: baruti yao iliungua polepole na ilihitaji nafasi. Henry Nock wa London alipopata hataza ya kitako kipya cha mtutu mwaka 1787, kilichofanya baruti iungue haraka, mitutu ikaweza kufupishwa, na fundi mwenzake Joseph Manton akatengeneza bunduki ya mitutu miwili nyepesi ambayo umbo lake halijabadilika sana hadi leo. Miaka mitano kabla ya Nock, fundi mabomba wa Bristol aitwaye William Watts alikuwa amepata hataza ya kuiyeyusha risasi na kuimwaga kupitia chujio kutoka juu sana, idondokee majini. Ikiwa hewani kila tone hujiviringisha lenyewe. Marisawa yakawa ya duara kweli. Yale ya awali yalikuwa na pembe, na punje yenye pembe huenda itakako.

Kisha kuna Mchungaji Alexander Forsyth wa Belhelvie, Uskoti, ambaye tatizo lake lilikuwa bata. Gumegume huwaka mara mbili: kwanza cheche kwenye kisahani cha nje, kisha baruti ya ndani. Bata wake waliiona ile ya kwanza wakapiga mbizi, na marisawa yakafika juu ya maji matupu. Mwaka 1807 alipata hataza ya kuwasha kwa dawa inayolipuka ikigongwa, na kutoka hapo ikaja kuzaliwa fataki. Majeshi ya Ulaya yaliyoitumia baadaye kuuana yalikuwa yakinufaika na hasira ya mchungaji mmoja dhidi ya ndege.

Bunduki ya kufunguka nyuma ilitoka Paris, kwa Casimir Lefaucheux, katika miaka ya 1830. Waingereza waliidharau mpaka walipoiona kwenye Maonyesho Makuu ya London ya 1851, wakaanza kuiga. Bila hiyo choki isingeenea. Bunduki ya kushindiliwa kwa mdeki hupokea kila kitu kupitia mdomoni, na anayebana mdomo huo anajinyima mlango wake mwenyewe, kwani kizibo kitakachojaa ndani ya mtutu hakipiti kwenye mbano.

Nani aligundua choki? Wanaoidai ni wengi, na kila mmoja ana hoja. William Rochester Pape wa Newcastle aliiandika ndani ya hataza yake ya 1866. Sylvester Roper wa Massachusetts alipata hataza mwaka 1868 ya kipande cha choki kinachofungwa na kufunguliwa mdomoni, jambo ambalo viwanda vilirudi kulifanya karibu miaka 100 baadaye. Roper alikuwa mtu wa kutangulia wakati: alikufa mwaka 1896 akiendesha baiskeli ya mvuke aliyoiunda mwenyewe. Wa tatu ni Fred Kimble, mwindaji bata wa Illinois, ambaye hakuwa na hataza bali kisa. Alivyosimulia, mwishoni mwa miaka ya 1860 alijaribu kuubana mdomo wa mtutu, punje zikatawanyika vibaya kuliko mwanzo. Akaamua kuukwangua mbano wote autoe, lakini hakuumaliza. Alipopiga tena kabla ya kuutupa mtutu, marisawa yakaenda pamoja kama kundi la nyuki.

Mimi naona swali la nani wa kwanza halina uzito sana. Aliyeifanya choki iwe bidhaa ni W. W. Greener wa Birmingham. Mwaka 1874 alitangaza bunduki zenye mkusanyiko wa punje ambao washindani wake waliuita uongo. Gazeti la michezo la The Field likaandaa mashindano ya wazi London mwaka 1875, choki dhidi ya mitutu iliyonyooka, na bunduki za Greener zikaongoza. Wapinzani hawakunyamaza. Walisema choki ni ya wasio na shabaha, kwamba mwindaji wa kawaida atakosa zaidi kwa duara dogo, na akipata kwa karibu hataokota ndege ila manyoya na nyama iliyosagika. Walikuwa na haki zaidi ya walivyopewa. Ndege wengi huangukia chini ya yadi 30, na huko robo choki inatosha kabisa.

Katika ugomvi huo ndipo choki ilipoingia kwenye bei. Uingereza, kwa sheria, kila mtutu lazima ujaribiwe kwa baruti nyingi kuliko kawaida kabla ya kuuzwa, ama London, ambako chama cha mafundi bunduki kilipata hati ya kifalme mwaka 1637, ama Birmingham, iliyopata nyumba yake ya majaribio mwaka 1813. Choki ilipoenea, wakaguzi walihofia mtu atatia gololi inayojaa mtutu, ifike kwenye mbano ikwame. Kwa hiyo kuanzia 1875 mitutu yenye choki ilipigwa muhuri wa maneno NOT FOR BALL, yaani si ya gololi. Mwaka 1887 maneno hayo yaliondolewa, likaja neno moja, CHOKE. Leo anayeokota bunduki yenye muhuri ule wa kwanza ameshajua, bila cheti wala muuzaji wa kumweleza, kwamba ilijaribiwa ndani ya miaka 12 ileile ambayo choki ilikuwa bado habari mpya.

Amerika iliipokea choki kwa moyo mkunjufu, na ndege wakalipa. Wawindaji wa masoko walikuwa wakipakia bata kwa mapipa kwenye treni za kwenda Chicago na New York, na mkusanyiko wa asilimia 70 uliwapa yadi kumi au zaidi za ziada. Kisha mbunifu wa bunduki John Browning akaongeza kasi: Winchester ya 1897 ya kukoki kwa mkono wa mbele, halafu ile inayojikoki yenyewe, iliyokuja kuitwa Auto-5. Kampuni ya Winchester ilibishana naye juu ya malipo. Akaipeleka Remington, na mkuu wa kampuni akafariki kabla hawajaonana. Mwaka 1902 Browning akavuka bahari hadi Liège, Ubelgiji, kwa kiwanda cha FN, na bunduki hiyo ikatengenezwa karibu karne nzima. Sheria zilifuata ndege walipoanza kwisha: ya 1900 dhidi ya usafirishaji haramu wa mawindo baina ya majimbo, ya 1918 kuwalinda ndege wahamaji, na mwaka 1935 bunduki ya kuwindia ndege hao ikawekewa kikomo cha viasi vitatu.

Sasa tuingie kwenye bei, kwa sababu hapo ndipo wengi hupotea. Mnunuzi wa bunduki kuukuu hutazama mbao za kitako, nakshi za ubavuni, jina lililochongwa. Mambo hayo yana thamani yake, hasa jina likiwa la mafundi wa London, Purdey au Boss. Lakini nikiifuata historia hii naona bei ya bunduki ya marisawa huandikwa upya kila mara kiasi kinapobadilika. Chuma kilichotoka kiwandani zamani ni kilekile. Kinachotiwa ndani yake ndicho kimebadilika mara nne.

Mara ya kwanza ilikuwa baruti isiyo na moshi, iliyoenea kuelekea mwisho wa karne ya 19. Mpaka hapo mtutu bora ulikuwa ule wa kusokota: nyuzi za chuma na pua zikifumwa, zikizungushwa kwenye ufito, zikifuliwa hadi zishikane, na tindikali ikitoa michoro kama ya mkeka. Baruti mpya ilisukuma kwa namna nyingine, na mitutu mingi ya kusokota haikuwa imejaribiwa nayo. Kutoka kifaa cha mabwana ikawa pambo la ukutani. Hata leo mtutu wa aina hiyo uliopita majaribio ya baruti mpya huuzwa kwa bei tofauti kabisa na pacha wake usiopita, ingawa kwa macho ni ndugu.

Mara ya pili ilikuwa urefu wa kiasi. Bunduki nyingi za Kiingereza za kabla ya Vita Kuu ya Pili zina chumba cha milimita 65. Kiasi cha kawaida cha leo ni cha milimita 70, na mtego ni huu: urefu huo hupimwa ganda likiwa limeshafunguka baada ya kupigwa. Likiwa bado limekunjwa mdomo, kiasi cha 70 huingia kwenye chumba cha 65 bila shida yoyote, mtambo ukafunga vizuri, na mtu akaridhika. Kikipigwa, mdomo wa ganda hufungukia ndani ya shingo ya mtutu na kuziba njia, na shinikizo hupanda. Fundi mwangalifu hupima chumba kabla hajauliza bei.

Ya tatu ilikuwa plastiki. Zamani marisawa yalikaa juu ya kizibo cha sufu na kufunikwa na kikadi, na punje za pembeni zilijisugua kwenye mtutu zikapoteza umbo. Katika miaka ya 1960 viwanda vya Marekani vilianza kuzitia punje ndani ya kikombe cha plastiki kinachotoka nazo. Punje hazikuguswa tena na chuma, na bunduki zilezile zikaanza kukusanya kuliko muhuri wao ulivyoahidi. Nusu choki ya baba ikawa karibu kamili mikononi mwa mtoto. Mtu anayenunua bunduki ya mwaka 1925 yenye choki kamili pande zote mbili, akidhani kanunua ustadi wa kale, aghlabu kanunua bunduki inayobana mno kwa ndege wa karibu.

Kipindi hicho hicho kilileta choki za kubadilisha. Winchester waliziweka kwenye Model 59 mwanzoni mwa miaka ya 1960, wengine wakafuata, na leo ni shida kupata bunduki mpya isiyokuwa nazo. Alama zake hufaa kujulikana: kwenye vipande vingi hukatwa mikato ukingoni, mmoja kwa choki kamili, mitatu kwa nusu, mitano kwa mtutu ulionyooka. Bunduki za Browning zilizotoka FN hutumia nyota: moja ni kamili, mbili ni nusu, tatu ni bila choki. Mikato mingi au nyota nyingi maana yake mbano mdogo, na muuzaji asiyejua hilo huweza kukusifia kinyume.

Kabla ya choki za kubadilisha kulikuwa na suluhisho lililoharibu mitutu mingi mizuri. Poly-Choke na Cutts Compensator, vyote vya baina ya vita viwili vikuu, vilifungwa mbele ya mtutu uliokatwa, mfano wa chupa iliyopachikwa kwenye bomba. Vilifanya kazi. Lakini Winchester Model 12 iliyofungiwa kimojawapo hushuka bei sana mbele ya mkusanyaji, kwa kuwa mdomo wa asili umekwenda na haurudi. Mtutu uliofupishwa bila kufungiwa kitu ni hasara zaidi: choki yote ilikuwa kwenye kile kipande kilichotupwa.

Wamarekani wa zamani walikuwa na jaribio la senti kumi. Sarafu hiyo, dimu, ikikataa kuingia kwenye mdomo wa namba 12, choki ni kamili. Wengi wamedanganyika nalo. Choki ni tofauti kati ya upana wa ndani na upana wa mdomo, na mitutu ya ndani hailingani: ya Ubelgiji mara nyingi ilikuwa myembamba kuliko ya Marekani, na baadhi ya mitutu mipya hupanuliwa kwa makusudi. Bila kupima sehemu zote mbili, sarafu haisemi kitu. Kupima ndani kuna faida nyingine. Mihuri ya Kiingereza huonyesha upana wa mtutu siku ulipojaribiwa, na ukiukuta umepanuka mno, mtu fulani aliukwangua kuondoa vidonda vya kutu na kuta zimekonda. Mng'ao ule unaoupenda ndani ya mtutu huenda ndio ushahidi wa hasara.

Soko nalo lina imani zake ambazo kipimo hakizielezi zote. Winchester ya kabla ya 1964 huuzwa ghali kuliko ya baada, kwa kuwa mwaka huo kiwanda kilibadilisha namna ya kutengeneza ili kupunguza gharama, na wateja hawakusamehe. Auto-5 iliyopigwa muhuri wa Ubelgiji humshinda dada yake wa Miroku, Japani, ulikohamia utengenezaji katika miaka ya 1970, ingawa kwa ufundi wa chuma Mjapani hana cha kuonea aibu. Na ile Baikal ya Izhevsk, Urusi, nzito, isiyo na urembo, haijawahi kupendwa na mkusanyaji yeyote. Inapiga tu.

Badiliko la nne bado linaendelea. Kiswahili huita madini na kombora kwa neno moja, risasi, kwa hiyo tunapata taabu kulieleza: ni risasi zisizo za risasi. Bata humeza punje zilizozama matopeni wakidhani ni changarawe, wakafa kwa sumu. Marekani ilikamilisha katazo la marisawa ya risasi kwa uwindaji wa ndege wa majini mwaka 1991, na Denmark ikayakataza kabisa mwaka 1996. Mkataba wa kuhifadhi ndege wa majini wanaohama kati ya Afrika na Ulaya na Asia, uliofikiwa The Hague mwaka 1995, uliwataka wanachama waachane nayo katika ardhi oevu kufikia mwaka 2000. Tanzania na Kenya ni wanachama.

Mbadala wa bei nafuu ni chuma. Chuma hakiminyiki kama risasi. Kikifika kwenye choki kamili ya mtutu mwembamba wa zamani kinaweza kuuvimbisha, na pete ya uvimbe huonekana nje karibu na mdomo. Hivyo kitu kilichopandisha bei mwaka 1875 sasa kinaishusha, na robo choki iliyoonekana ya kimaskini inatafutwa. Baadhi ya wenye bunduki huwapelekea mafundi waikwangue choki. Bunduki hupata matumizi, mkusanyaji huondoka.

Anayetaka kuacha mdomo ulivyo hununua bismathi, metali laini nzito kuliko chuma na nyepesi kuliko risasi, ambayo viasi vyake hutengenezwa hata kwa chumba cha milimita 65. Bunduki ya Birmingham ya mwaka 1880 yenye mihuri kamili, hata ule wa baruti mpya, na kuta nzima, ile ya NOT FOR BALL, ikikaguliwa na fundi anayeijua, inaweza kwenda nayo ziwani. Sanduku moja la viasi hivyo hugharimu mara kadhaa ya lile la risasi, na mwenye bunduki hukaa kwenye matete akiwaacha bata wapite, akingoja mmoja aliye karibu, kama mwenye gobole anavyohesabu baruti yake.